Jicho la Kulia la Punda wa Mazinde

Mimi ndiye niliyevuruga siku ya mahari ya Rehema, binti wa wifi yangu. Wala haikuwa bahati mbaya. Nilipanda basi kutoka Kang'ata mpaka Mazinde, nikamfuata mtu mmoja bomani kwake, nikamleta, nikamkalisha kwenye mkeka mbele ya wakwe... halafu nikasubiri afungue mdomo.

Msinihukumu kwanza. Majina nimeyabadilisha, mengine yote nitayasema kama yalivyokuwa, moja baada ya jingine.

Nina miaka thelathini na tisa. Mimi na mume wangu Athumani tunaishi kwa mkokoteni wa punda. Wakati wa mavuno tunatoa mahindi mashambani kuyaleta barabarani. Kiangazi tunabeba maji. Wifi yangu Mwajuma, dada yake Athumani, anafanya kazi hiyohiyo. Wateja tuligawana: yeye upande wa mtoni, mimi upande wa shule. Tukila pamoja, tukicheka pamoja. Ningejuaje kwamba upande wangu ulikuwa unamnyima raha?

Punda wangu alikufa ghafla, mahindi yakiwa yameanza kukauka shambani. Mvunaji hangoji. Ukikosa punda msimu huo, mteja anahama na harudi.

Wifi akaja kunipa pole. Akaniambia yupo punda aliyefundishwa vizuri kule Mazinde. Wifi aliwahi kuolewa Mombo, jirani na Mazinde, watu wa huko anawajua. Akasema twende wote, atanisemea.

Sasa nieleze desturi, maana ndipo nilipopotea.

Punda aliyefundishwa ana watu wawili: mwenye mali na mfundishaji. Kwetu mnunuzi anaanza kwa mfundishaji. Unamchukulia sukari na majani ya chai, unakaa naye kutwa. Unamfunga punda kwa mikono yako, unampakia mzigo, unatembea naye, na mfundishaji anakueleza tabia zake zote, nzuri na mbaya. Ndipo mnakwenda wote kwa mwenye mali kupatana bei. Na siku ya kuondoka, kamba unaipokea kutoka mkononi mwa mfundishaji. Mwenye mali anaona fahari kuuza; mfundishaji anaona aibu punda wake akienda kuumiza watu. Nimeyajua haya tangu nikiwa mdogo!

Mfundishaji wa punda yule alikuwa mama mmoja wa Kimasai, mtu mzima, wanamwita Yeyo. Kwao punda ni kazi ya wanawake, na Yeyo amefundisha punda wengi hata idadi haijui. Nilikuwa nimefunga sukari yake kwenye kanga.

Tuliposhuka Mazinde wifi akaniuliza naelekea wapi na sukari. Nikamwambia kwa Yeyo.

"Wifi, unataka kunywa chai au unataka punda?" akasema. "Mwenye mali ni mwenye mali. Yule ni kibarua wake tu, atakukalisha kutwa nzima anakuhadithia. Lori la Fuso la kutubeba na punda mpaka Handeni linaondoka saa nane."

Nikacheka. Nikamfuata.

Mimi ni mtu wa kuangalia. Siku hiyo niliona mambo matatu, na yote matatu niliyapuuza. Kwanza, punda alikuwa amesimamishwa ubavu wa kulia ukigusa ukuta. Pili, alipotolewa pale, mwenye mali alihamia upande huohuo wa kulia, na kila nilipozunguka naye alizunguka. Tatu, sikio la kulia la yule punda halikutulia, lilikuwa linageuka-geuka kama mtu anayesikiliza mlango. Nikajiambia ni ugeni. Macho yake yalikuwa mazuri yote mawili, meusi, yanang'aa!

Kamba nilikabidhiwa na mwenye mali. Sukari nikarudi nayo nyumbani.

Siku ya nne tulikuwa tunatoka shambani na magunia. Athumani alikaa juu ya mzigo, mimi natembea mbele. Bodaboda ikatupita kwa kulia, karibu kabisa. Punda hakuiona. Aliisikia tu, tena imeshamfika shavuni. Akaruka kushoto, mkokoteni ukaingia mtaroni, magunia yakamwangukia mume wangu.

Mfupa wa paja ulivunjika sehemu mbili... Tulimpeleka hospitali Korogwe, akalala huko wiki nyingi. Leo anatembea na fimbo, na mkokoteni hawezi kuupanda tena.

Wifi alikuja hospitali akilia. Akasema mbele ya wagonjwa kwamba nimemlemaza kaka yake kwa haraka zangu za kununua mnyama nisiyemjua. Niliinamisha kichwa. Niliona anasema kweli! Aliporudi Kang'ata akaanza kubeba mahindi ya upande wa shule, akisema ananishikia nafasi yangu. Nikamshukuru. Hebu fikirieni, nilimshukuru!

Athumani alipotoka hospitali ndipo nilipokwenda kwa Yeyo. Safari hii nilipeleka sukari. Nilimwamkia, nikamweleza yaliyotokea. Akasikiliza bila kunikatiza, kisha akauliza, "Jicho la kulia halioni. Hukuambiwa?"

Nikasema sikuambiwa na mtu.

"Ajabu. Dada mmoja wa kwenu Kang'ata alikuja hapa kabla yako, anataka kumnunua mwenyewe. Mrefu, ana pengo la jino la mbele. Nilimwonyesha jicho. Nikamwambia huyu asitembee peke yake, afungwe na mwenzake, na mwenzake akae kulia ili amkinge. Akifungwa hivyo hana shida, anafanya kazi miaka. Akaniambia hamtaki."

Pengo la jino la mbele... Kang'ata nzima namjua mmoja.

Kumbe wifi yangu alifuata desturi! Alikwenda kwa Yeyo, akakaa, akaelezwa, akaona, akakataa. Kisha akarudi nyumbani kuniletea mimi habari njema. Hakutaka kaka yake avunjike, hilo naliamini mpaka leo. Alitaka punda anishinde nikose msimu. Lakini nani aliyemwambia kwamba ubaya ukishatoka nyumbani unachagua pa kwenda?

Mnadhani nilimfuata nikamgombeza? Hapana. Nilirudi Kang'ata nikamsalimia kama kawaida. Nikamsaidia kupepeta mchele wa shughuli ya Rehema. Kwa miezi mitatu nilicheka naye, na kila nikimtazama nililiona lile pengo la jino. Nilitaka aibike mbele ya watu anaowaheshimu, siku anayoipenda, nguo mpya zikiwa mwilini.

Siku ya mahari ikafika. Nilikuwa nimemfuata Yeyo Mazinde, nikamwambia nina shughuli ya familia, nataka kumshukuru kwa kunifungua macho. Sikumwambia zaidi. Nikamkalisha karibu na shangazi za bwana harusi.

Wifi akaingia na sinia la vitafunwa. Yeyo alimtambua papo hapo, na hakuwa na sababu ya kunyamaza.

"Wewe si ndiye niliyekuonyesha jicho la punda?" akamuuliza kwa upole. "Mbona huyu ndugu yako hukumwambia?"

Sinia halikuanguka. Wifi aliliweka chini taratibu, akabaki ameinama. Shangazi mmoja wa bwana harusi akauliza punda gani. Nikajibu mimi. Nilisimulia kuanzia Fuso la saa nane mpaka mtaroni, pole pole, huku Athumani akiwa ameegemea fimbo yake mlangoni, anasikia kwa mara ya kwanza.

Nilikuwa na raha, ndugu zangu. Sitawadanganya. Raha ile ilikuwa tamu kuliko chakula! Ilidumu mpaka nilipomwona Rehema kwenye pazia la chumbani, na hina yake mikononi.

Wageni hawakugombana na mtu. Walisema watarudi, wakaondoka na kapu lao la mahari. Mpaka sasa hawajarudi, wala hawajaleta neno la kukataa. Rehema, aliyekuwa ananiita mama, sasa akinikuta njiani ananiamkia "shikamoo" tu na kupita.

Yeyo nilimsindikiza kituoni. Alinirudishia sukari yangu. "Ungeniambia nakuja kufanya nini," akasema, "ningechagua mwenyewe. Umenivuta kwa kamba kama punda."

Na Athumani? Hakunipongeza, hakunilaumu. Wala hakwenda kumwuliza dada yake kitu. Kila asubuhi anachechemea mpaka kwa yule punda, anasimama upande wa kulia, anamsemesha kabla ya kumgusa.

Ninyi mnaonisoma, mkienda kununua mnyama wa kazi nendeni kwanza kwa aliyemfundisha. Kaeni naye hata kama gari linaondoka. Anayewaambia mumruke mfundishaji, mwulizeni anaogopa mtasikia nini. Na mkishadhulumiwa, msifanye nilivyofanya, msimbebeshe mzigo asiyehusika. Kumsamehe wifi? Hilo sijafika, sitaki kujifanya nimefika.

Mahindi yanakauka tena. Wifi naye punda wake mmoja alikufa mwezi uliopita, amebaki na mmoja, jike mweusi.

Juzi asubuhi nilifungua mlango nikamkuta yule jike uani kwangu. Amefungwa kwenye mti uleule na punda wangu, na amewekwa upande wa kulia. Kamba imefungwa vizuri. Hapakuwa na mtu wala salamu. Nimemwuliza Athumani, anasema hajui. Kwa wifi sijakwenda kuuliza.

Leo ni siku ya tatu. Nawapa maji wote wawili. Sijawafunga pamoja kwenye mkokoteni, na sijamrudisha.