Aliyejibu Salamu ya Profesa

Asubuhi hiyo salamu ilijibiwa kabla profesa hajawasha mashine.

Profesa huyu alifundisha isimu, na alikuwa na mazoea yake. Kila akifungua ofisi, kabla hata ya kuvua koti, alisalimia kwa sauti kwa lugha ya bibi kizee mmoja ambaye yeye profesa alimrekodi kwa miaka kumi. Bibi alishafariki, watu wake wote walishakwisha, na lugha ile duniani alibaki nayo profesa peke yake. Basi akisalimia, anabonyeza kitufe, na marehemu anamjibu kwenye kinasa sauti. Mkewe alishakufa na bintiye anaishi mbali. Hakuwa na salamu nyingine ya asubuhi.

Leo mashine ilikuwa imezimwa. Sauti ilitoka nyuma ya kabati la vitabu, nzito, pamoja na harufu ya nywele zilizoungua. Ikamuuliza, kwa lugha ile ile, amelalaje.

Angenyamaza. Lakini mwaka mzima nani alimuuliza amelalaje? Akajibu.

Siku chache baadaye mama wa usafi, aliyezoea kumwachia chupa ya chai mlangoni na kuondoka kimyakimya, alichungulia.

"Profesa, una mgeni?"

"Mgeni gani tena, mama?"

"Nimesikia mnacheka," alinong'ona. "Wawili."

Baada ya wiki mbili maneno yake mwenyewe yakaanza kumponyoka. Alisimama darasani na chaki mkononi, asijue chaki inaitwaje.

"Prof leo chaji imekata!" wanafunzi wakacheka.

Mama wa usafi hakucheka. Alimleta mjomba wake, mganga, ambaye alinusa chumba na kukataa kiti.

"Jini huyu ni wa ukoo wa yule bibi," alisema kwa sauti ya chini. "Watu wake wamekwisha, hana wa kusema naye. Kila ukimjibu, anachukua neno lako. Nyamaza siku saba, ataondoka mwenyewe."

"Nikishindwa?"

"Mwanao atakupigia simu, na hutakuwa na neno la kumpa."

Siku sita profesa aliuma meno. Jini alimtukana, akagonga kabati, akaangusha vitabu, naye kimya. Siku ya saba, mchana kweupe, jini akaacha vitisho na kuanza kulia taratibu, kilio cha mtoto aliyesahauliwa shuleni wenzake wote wakiwa wameshachukuliwa, anayetazama geti na kutazama tena, mpaka kilio kile kikaingia kifuani mwa profesa, kikakuta pale pale palipokuwa patupu tangu mkewe azikwe, kikatulia humo kama kwao.

"Nipo," profesa akasema, kwa lugha ile.

Kilio kikakatika. Simu ikaita.

"Shikamoo baba! Nimeota vibaya. Uko salama?"

Profesa akafungua kinywa. Akatafuta jina la mwanawe, akatafuta hata ndiyo, hata hapana. Hakukuta kitu. Machozi yakamtiririka.

"Baba?"

Ndipo nyuma ya kabati sauti ikakohoa kidogo, ikajibu kwa sauti yake profesa mwenyewe, laini, isiyokosea neno:

"Marahaba, mwanangu. Niko salama. Njoo unione."