Kikao Kimefungwa Bila Siku

Levi Wabwile alikanyaga viazi vya Mukami sokoni Kitale, na badala ya kusema pole akasema, "Niliona leso yako nikasahau nina miguu."

Mukami, leso ya njano kichwani na matope hadi kwa magoti, akamwambia achague: aokote au anunue. Akaokota. Hivyo ndivyo walianza, mwaka wa 2005, na simu kila jioni.

Levi alikuwa karani wa mikutano kwa chama kimoja cha wakulima huko Bungoma, na ofisi ilikuwa imemwingia hadi kwa damu. Siku wazee wake walikwenda kwa Mzee Kiragu, babake Mukami, kuongea mahari, yeye mwenyewe ndiye aliandika kikao. Wazee wa Bungoma walitaka mambo ya ng'ombe yaishe siku hiyo hiyo. Wa Kiragu wakasema kwao mahari haimaliziki. Watu wakachukua kofia zao. Levi akasimama na suti yake ya kijivu, akasoma, "Kikao kimeahirishwa sine die."

Wazee wote wakaitikia kwa kichwa, kila mmoja akiogopa kuuliza.

Mukami hakuogopa. Kesho yake alipiga simu.

"Levi, sine die ni nini?"

"Ni Kilatini, mpenzi. Waingereza waliibeba wakaiweka kwa mahakama na bunge lao. Sine ni bila, die ni siku. Mkutano unafungwa bila kutaja siku ya kurudi."

"Bila siku."

"Eh, sweetie."

"Usiniite sweetie. Mimi ni mradi wa mtaro wa kijiji, ati naahirishwa?"

"Si wazee ndio walikosana? Karani haongei, anaandika tu."

"Basi oa kalamu."

Akakata. Levi alipiga wiki nzima, hakuna kitu. Shangazi yake Wilkista akachoka kumwangalia. "Unangoja nini bana, ajenda?"

Jumamosi akatokea sokoni, suti ile ile, vumbi hadi kwa nyusi.

"Wazee wako wako wapi?" Mukami akauliza.

"Bado wamenuna. Nimetoka kwa babako, akasema nikuulize wewe. Harusi ni Jumamosi ya kwanza ya Desemba, mahindi yakishaingia stoo. Wakikataa, nitakuja na shangazi."

Mukami akaendelea kujaza viazi kwa gorogoro, mkebe wake wa kupimia.

"Jumamosi nauza."

"Mukami, si unanimaliza."

"Nitafunga biashara." Akaikaza leso. "Lakini hadi Jumatatu. Yangu iko na siku ya kurudi."