Mama Yvette Wawili

Harufu ndiyo iliyotangulia. Ilikuwa mchana kweupe, jua limeshika mabati, na Sidonie alikuwa amekaa mlangoni pake, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, akipima unga wa muhogo wa kuuza, aliposikia harufu ya ndagala, wale dagaa wa ziwani, wanaokaangwa. Nyumbani kwake hapakuwa na ndagala. Moto wa jikoni ulikuwa umezimwa tangu asubuhi. Alinusa sufuria, akanusa kitenge chake, akaenda hadi kwa jirani akajifanya anaomba chumvi kumbe ananusa tu. Mwisho akaiinua simu iliyokuwa juu ya meza. Harufu ilikuwa inatoka humo.

Alicheka. Nani hangecheka? Simu mpya, imekaa nyumbani majuma machache tu, inanuka samaki. Akaipangusa kwa kitambaa chenye sabuni, akarudi kwenye unga wake.

Simu hiyo aliinunua mumewe, Bienfait, aliyekuwa mwashi kule Biharwe, pembeni mwa Mbarara. Wiki nzima alilala huko kwenye majengo ya watu, na kilichomuuma zaidi ni kutomwona binti yake, Yvette. Basi alimchukua mkewe, wakaenda mjini kwa Ashiraf, kijana wa kutengeneza simu, ili simu zao mbili ziwe na picha zilezile.

"Nyabo, hii haina matata," Ashiraf alisema, vidole vyake viko mbio. "Picha yote inaenda juu, kwa wingu. Wewe unapiga Nakivale, mzee anaona Biharwe. Lakini sikia: ukifuta kwa simu moja, imefutika kwa zote. Kale, sawa?"

"Na zile bafoto zangu za zamani, za kule Baraka?" Bienfait aliuliza. "Mot de passe, ile neno ya siri, niko naikumbuka."

"Weka tu, ssebo. Kama iko juu, itashuka."

Zikashuka. Na hapo ndipo mambo yalipoingia mdudu.

Picha zile zilikuwa za Gisèle. Gisèle alikuwa mke wa kwanza wa Bienfait, muuza ndagala wa soko la Baraka, kule Kongo, na ndiye aliyemzaa Yvette. Alikufa kwa homa kule Kabazana, walikopokelewa wote walipoingia Uganda, kabla familia haijapewa kiwanja. Mtoto alikuwa bado ananyonya. Sidonie, msichana aliyekimbia vita peke yake, alikuwa amelala mkeka wa pembeni. Gisèle alimpakatisha mtoto, akamwambia, "Unichungie mutoto kidogo." Hakuamka tena. Mtoto hakushuka mgongoni mwa Sidonie, na msiba ulipopoa Bienfait akamwoa.

Sidonie hakujaliwa mtoto wa tumbo lake. Lakini watu wa Kivu humwita mwanamke kwa jina la mtoto, na jirani wote walimwita Mama Yvette. Mumewe alimwita hivyo, mchungaji alimwita hivyo, hata wateja wa unga. Sidonie lilibaki jina la kwenye kadi ya chakula tu. Yvette naye hakuwahi kuambiwa kwamba kulikuwa na mama mwingine. Kila Bienfait alipotaka kumwambia, Sidonie alimkatiza: "Bado. Akomale kwanza."

Kwa hiyo pale kwa Ashiraf, alipomwona mumewe analia machozi ya furaha mbele ya watu, anagusa uso wa marehemu kwa kidole, wivu ulimwingia. Marehemu alikuwa mzuri, tena wa kucheka na meno yote nje. Na sasa alikuwa ndani ya simu ambayo Yvette angeichezea kila jioni.

Simu ile ilikuwa na mazoea ya kukusanya nyuso. Siku moja iliweka uso wa Sidonie kwenye kiduara, ikauliza kwa Kiswahili safi: *Huyu ni nani? Weka jina.* Sidonie aliona raha. Akaandika jina alilojivunia kuliko kitu chochote duniani: Mama Yvette. Simu ikalipokea. Kisha ikaleta kiduara cha pili chenye uso wa Gisèle, uso ambao Bienfait aliuandikia jina lilelile zamani huko Baraka. *Mama Yvette yupo tayari. Ni mtu yule yule? Waunganishwe?*

Angeweza kubonyeza hapana. Lakini kusema hapana ni kukubali kwamba yuko Mama Yvette mwingine, na hilo Sidonie hakuwa tayari kulikubali hata mbele ya mashine. Alibonyeza ndiyo. Harufu ya ndagala ilianza siku iliyofuata.

Baada ya harufu ukaja mlio. Simu imelala mezani, hakuna anayeigusa, inasikika *tik*, mlio ule wa kupiga picha. Bienfait akapiga simu kutoka Biharwe, sauti yake tamu tamu.

"Mama Yvette, leo umenifurahisha. Ile foto umevaa kitenge ya bleu, unacheka vile. Sijawahi kukuona unacheka vile."

Sidonie hakuwa na kitenge cha bluu. Alifungua picha. Alikuwa yeye kweli, amekaa kwenye mkeka wake, mguu wake wenye kovu umekunjwa vilevile. Ila meno hayakuwa yake. Alisogeza picha nyingine, na nyingine. Kila moja ilikuwa imemchukua yeye kidogo na kumleta mwenzake zaidi, mpaka ya mwisho, ambapo Gisèle mzima mzima alisimama uani pale, kando ya madumu ya maji, katika ua ambao hakuwahi kuukanyaga. Alikuwa anacheka. Macho yake hayakucheka. Yalimtazama aliyeishika simu.

Alasiri hiyo Yvette alirudi kutoka shule, akaanguka kwenye kitanda apumzike.

"Mama," akasema, macho yamefumba nusu, "uniimbie tena ule wimbo ya samaki."

"Wimbo gani?"

"Ule uliniimbia jana. Saa ulikuya kunichukua ku masomo. Juu ya nini mikono yako ilikuwa baridi?"

 Jana Sidonie hakwenda shuleni. Jana alikuwa sokoni hadi jioni, na aliporudi alimkuta mtoto nyumbani, akadhani amekuja peke yake kama siku zote. Alisimama katikati ya chumba, akasikia *tik* nyuma yake, na hakutaka kugeuka, lakini shingo iligeuka yenyewe, akaona pazia la mlango wa uani linatikisika ilhali hakuna hata chembe ya upepo, na chini ya pazia, pale linapoishia, akaona ncha ya kitenge cha bluu kilicholowa maji na nyayo mbili zilizojaa magamba madogo ya samaki, zimetulia, zinangoja, kama za mgeni mwenye adabu ambaye hawezi kuingia mpaka mwenye nyumba aseme karibu, na Yvette kitandani akatabasamu kwa usingizi upande ule wa pazia, si upande wake.

Alimkwapua mtoto, akaitupia simu mkobani, wakatoka mbio hadi kwa Goretti.

Goretti alikuwa mama wa maombi, mzee mwenye sauti ya kukwaruza, aliyefukuza mapepo ya watu wa kila dini pale kambini. Alimpa Yvette muwa akae nje na wajukuu zake, akamwingiza Sidonie chumbani, akasikiliza hadi mwisho.

"Mama Yvette," akaanza.

"Niko," Sidonie akaitika.

"Niko," sauti ya pili ikaitika, pole pole, kutoka kwenye simu iliyozimwa ndani ya mkoba.

Nywele zilimsimama Sidonie. Goretti akashusha sauti hadi mnong'ono.

"Huyu haiko shetani. Shetani ningemufukuza saa hii. Huyu ni mutu, tena ni mama. Alikuachia mutoto umuchungie. Weye ukabeba mutoto, ukabeba na jina, ukaandika mu ile machine kama muko mutu moya. Sasa ameingia fasi uliyomufungulia."

"Nifanye nini, mama?"

"Umurudishie jina yake. Umukalishe mutoto, umuonyeshe zile foto, umuambie: huyu ndiye alikuzaa. Ataenda mwenyewe, kwa amani. Lakini usijaribu kumufuta. Ule alishakufa, hana kitu ya kufutwa. Weye ndiye uko nacho."

"Na mimi nitabaki nani?"

"Utabaki Sidonie," Goretti alisema. "Haiko jina mubaya."

Sidonie alishukuru, akaitikia kwa kichwa, akamwacha Yvette acheze na wajukuu wa Goretti. Alirudi nyumbani akiwa amekusudia kabisa kutii. Lakini njia ilikuwa ndefu, na wivu ulitembea naye. Nani alikesha na yule mtoto alipougua surua? Nani aliomba maziwa nyumba kwa nyumba bila haya? Maiti alale alipolala. Kama Yvette akiambiwa, ataanza kulilia mama wa kwenye picha, mzuri asiyezeeka, asiyegomba, asiyechapa. Sidonie atabaki kuwa yaya tu. Alipofika mlangoni alikuwa ameshaamua, kwa hasira, si kwa woga.

Alifungua simu. Aligusa kiduara chenye jina Mama Yvette. Akachagua picha zote. *Zifutwe kwenye simu zote?* Hicho ndicho alichokitaka hasa, ziishe hapa, ziishe na Biharwe, Bienfait asibaki na hata moja ya kulilia. Akabonyeza.

Zilianza kutoweka moja moja. Soko la Baraka likaenda, vikapu vya ndagala vikaenda, Gisèle na kichanga mapajani akaenda. Harufu ikakatika. Sidonie akashusha pumzi, akacheka kwa sauti, akajiona mshindi. Kisha ikatoweka picha ya harusi yake. Ikatoweka ya mavuno ya mahindi, ikatoweka ile aliyombeba Yvette siku ya kwanza ya shule, na hapo ndipo alipokumbuka kwamba simu iliwajua kuwa ni mtu mmoja kwa sababu yeye mwenyewe aliiambia hivyo. Alibonyeza huku na huku, akaizima, akaipiga kwenye paja, akaiomba kama mtu. Picha ziliendelea hadi ya mwisho.

Alimpigia mumewe.

"Allo?" Bienfait akasema.

"Ni mimi! Zile foto, nimekosa, nimefuta..."

"Mimi nani?" Sauti ilikuwa ya heshima, sauti ya kuongea na mgeni. "Mama, pole. Telefone ya bibi yangu, Mama Yvette, umeipata wapi?"

Simu ilikatika. Nje zikasikika hatua ndogo za mbio. Yvette alikuwa amerudi, mdomo umejaa utamu wa muwa. Alisimama mlangoni akamtazama mwanamke aliyekaa sakafuni, akampa mkono kwa adabu, kama alivyofundishwa kuwasalimia mama za wenzake.

"Jambo, mama," akasema. "Mama yangu iko wapi?"

"Yvette! Ni miye!"

Mtoto akarudi nyuma hatua moja, ameogopa. Ndipo jikoni mafuta yalipochachatika, na harufu ya ndagala ikajaa nyumba nzima.

"Niko huku," sauti ikaita. "Kuya ukule, mwanangu."

Yvette akapita mbio, kiatu chake kikamkanyaga yule mwanamke kidole, hakugeuka. Wimbo wa samaki ukaanza nyuma ya pazia, wakiimba wawili.

*Tik.*

Picha mpya ilishuka kwenye simu. Ilikuwa ya jikoni: mama na mtoto juu ya sahani moja, wanacheka na meno yote nje. Nyuma yao, mlangoni, alionekana mwanamke amekaa sakafuni. Simu ikauzungushia uso wake kiduara, ikauliza: *Huyu ni nani? Weka jina.*

Yule mwanamke aliweka kidole kwenye kioo. Alijua kwamba alikuwa na jina, la kwenye kadi ya chakula, Goretti alilitamka leo hii na akasema si jina baya. Alikaa pale akilitafuta hadi kioo kikazima.