Kumbukumbu za Mzee Kobe

Kila alasiri, akirudi kutoka shuleni, Chiriku alikuwa akivua sare, akaosha vyombo, kisha akawasha kompyuta ya sebuleni. Jina lake halisi lilikuwa limebaki shuleni tu. Kwa mdomo ule usiopumzika, nyumba nzima ilimwita Chiriku. Kompyuta nayo waliibatiza Mzee Kobe. Ukimwasha, unaweza kufagia chumba, ukakunja na nguo, ukarudi ukamkuta bado anawaza.

"Nimemchoka huyu Mzee!" baba alisema siku moja, chai yake ikiwa imepoa akingoja barua moja tu ya kazini ifunguke. "Jumamosi namkabidhi mnunuzi wa chuma chakavu."

Chiriku alishtuka. Humo ndimo alimokuwa akiandika hadithi zake za gazeti la darasa. Kompyuta nyingine wangeitoa wapi? Mbio mbio akampigia simu shangazi yake, dada wa baba, ambaye ni fundi wa kompyuta.

"Shangazi, tuokoe! Mzee Kobe anapelekwa kwa mtu wa chuma chakavu!"

"Ala! Mwambie baba yako asithubutu," shangazi alicheka. "Huyo hana ugonjwa. Tatizo lake ni kumbukumbu tu. Jumamosi asubuhi nakuja... Haya, mteja ameingia." Simu ikakatika.

Kumbukumbu! Chiriku akageukia kioo cha kompyuta. Pale pembeni palikuwa na folda iliyoandikwa neno lilelile: Kumbukumbu. Kumbe mzigo wenyewe ndio huu! Basi mtoto wa watu hakuchungulia ndani wala hakuuliza mtu. Akaifuta folda yote, akapiga makofi, akangoja Kobe atimue mbio. Wapi! Kobe alijikongoja vilevile.

Jumamosi shangazi aliingia na mkoba wake wa vifaa.

"Kabla hujamgusa," baba alimwambia, "ngoja nitoe picha za marehemu baba. Ile anayocheka mpaka kofia inamdondoka haipo mahali pengine popote."

Akatafuta juu, akatafuta chini. Uso ukambadilika. "Folda ya Kumbukumbu iko wapi? Hili dude limemeza picha za baba! Dada, usijisumbue hata kufungua mkoba. Linaondoka leo leo!"

 Chiriku angenyamaza tu, lawama zote zingemwangukia Kobe, na nani asingeamini? Lakini Kobe angetupwa kwa kosa lisilo lake, na baba angebaki na huzuni ile.  Maneno yakamtoka Chiriku yote kwa mpigo.

"Baba, si Kobe, ni mimi! Shangazi alisema tatizo ni kumbukumbu, nikaona folda imeandikwa Kumbukumbu, nikaifuta. Nisamehe, baba. Sikujua ni babu."

 Shangazi akaangua kicheko mpaka akashika mbavu.

"Jamani, mimi na simu zangu za nusunusu! Sogea hapa, mwanangu. Ukifuta kitu, mara nyingi hakipotei papo hapo." Akabofya alama ya pipa la taka, akaikuta folda humo, akairudisha mahali pake. Babu huyo, kofia hewani! Baba akashusha pumzi, akajipangusa macho kwa kiganja, kisha naye akacheka.

"Sasa uione kumbukumbu yenyewe," shangazi alisema. Akazima kompyuta, akachomoa waya wa umeme, akafungua kifuniko cha ubavuni. Kwa vumbi lililotoka humo, wote walipiga chafya. Walipokwisha kulisafisha, akawaonyesha kijibao chembamba, kirefu kama kitana. "Hii ni kama meza ya kusomea. Ikiwa ndogo, vitabu vinagombania nafasi. Picha hazikai hapa, zinakaa kwenye diski, ambayo ndiyo kabati. Leo tunampa Mzee meza kubwa."

Akamkabidhi Chiriku kijibao kipya. "Kishike pembeni. Haya, kandamiza. We, unambembeleza nani? Kaza mkono!"

Tak! Kikaingia.

Wakamwasha. Baba akafungua barua zake, picha za babu na hadithi za Chiriku, vyote kwa pamoja, na Mzee Kobe hakukwama hata kidogo.

"Haa!" baba alipaza sauti. "Huyu si kobe tena, huyu ni swala!" Chiriku alirukaruka kwa furaha mpaka shangazi akaokoa mkoba wake.

Baba akamvuta karibu. "Mwanangu, ulikosea kwa kutouliza. Ukisikia neno usilolielewa vizuri, uliza kwanza, ndipo utie mkono. Lakini leo umesema kweli wakati uongo ulikuwa rahisi, na nakushukuru. Unajua ungenyamaza ingekuwaje? Mzee Kobe angeondoka na picha za babu yako zikiwa tumboni mwake. Ningezitupa mimi mwenyewe, kwa mikono yangu hii."