Bakuli la Bibi Pelagia

Kila siku baada ya shule, Nyangi alishuka ufukweni Musoma kumsaidia mama yake kugeuza dagaa juani. Mvua ikiwakuta dagaa wameanikwa, huishia kuwa chakula cha kuku. Ndiyo maana mama alilipia Anika, programu ya simu iliyotengenezwa na dada mmoja wa mjini, Gloria, aliyefanya kazi peke yake. Wavuvi wa kisiwa cha Rukuba walimpigia kila walipoona wingu baya, na Anika ikalia kwenye simu za waanikaji.

Siku hiyo Gibson, aliyesoma naye darasa la sita, alikuwa amezungukwa na wanawake.

"Leteni simu! Nimepata Anika ya kukopi. Hulipi hata senti! We Nyangi, lete na ya mama yako."

"Sitaki."

"Elfu moja kila mwezi, unampa mtu hata humjui? Tajiri wa dagaa!"

Wanawake wakacheka. Masikio ya Nyangi yakawaka moto. Asubuhi alikuwa amesoma ujumbe wa Gloria: wanaolipa wamebaki tisa, na mwezi ukiisha hivyo ataifunga Anika atafute kibarua kingine.

"Vocha za wavuvi za kupigia simu ananunua Gloria," alisema. "Akishindwa, nani atatuambia mvua inakuja? Hiyo ya kukopi itakaa kimya kama jiwe!"

"Mtoto usitufundishe," alifoka Mama Magesa. "Kitu chenyewe kiko hewani. Nikitumia hakipungui. Mama Nyangi, mnyamazishe mwanao!"

Mama yake aliinamia dagaa. Nyangi hakurudi nyuma.

"Sinyamazi! Bibi Pelagia mnampa bakuli la dagaa kila jioni. Akifukuza ndege kwa mama, si wamekimbia kwa wote? Mbona yeye mnamlipa?"

Bibi Pelagia, mfukuza ndege wao, alikuwa akiyasikia yote. Kisha akalaza fimbo yake chini, akakalia ndoo.

"Bibi, yangeyange hao!" alipiga kelele Mama Magesa.

"Nimewaona."

"Si uwafukuze!"

"Kelele zangu nazo ziko hewani, mwanangu. Ukizitumia hazipungui."

Ndege walitua kundi zima. Wanawake wakatimua mbio huku na huku, kanga zikipepea. Gibson alirusha kandambili ikaangukia ziwani. Wakifukuzwa huku, ndege walitua kule.

"Bibi, inuka basi! Tumekuelewa!" Mama Magesa alihema. "Gibson, futa hiyo takataka yako kwenye simu yangu. Nyangi, njoo unioneshe wanalipiaje."

Wengine wakafuata, wawili wakinung'unika. Kufikia jioni walipaji wapya walikuwa kumi na wanne.

Wiki iliyofuata, jua likiwaka, simu zililia ufuko mzima. Dagaa wote walikuwa ndani kabla ya tone la kwanza. Chini ya turubai, Gibson alijikuna kichwa.

"Bibi, mimi nilidhani nawasaidia."

"Uligawa jasho la mwenzako," Bibi Pelagia alimjibu. "Anayefanya kazi usiyoiona naye anachokaga, naye anakula. Ukitumia kazi ya mtu, mlipe, ili kesho aamke aifanye tena. Na ukiona watu wazima wanamnyima haki yake, sema, hata kama sauti inatetemeka."

Kisha akachota dagaa kwenye bakuli lake, akamjazia Nyangi viganja viwili.

"Hawa ni wako. Wiki iliyopita na wewe ulifanya kazi."