Kifua cha Twiga

Kabla hakujapambazuka, mchakacho mdogo ulitoka sebuleni, kama mfuko wa nailoni unaokunjwa na mtu asiyetaka kuwaamsha wenzake. Bi Buti akajua ni panya kaingia kwenye mkate. Akavua kandambili moja, akaishika vizuri, akanyata.

Hapakuwa na panya. Mchakacho ulikuwa unatoka kifuani mwa mchumba wake.

Wenzake walimwita Twiga kwa urefu wake. Alikuwa kiongozi wa wageni wanaopanda mlima, na usiku ule alikuwa ameshuka kwa kuchelewa, magari yamekwisha. Mama yake Bi Buti akamwonea huruma. "Alale kwenye kochi," alisema, "na mimi nitalala mlango wazi." Sasa Twiga alikuwa amelala nusu ameketi, miguu imevuka kochi mpaka chini ya meza, na kila akivuta pumzi kifua kinachakacha.

Akafumbua jicho. "Kandambili ya nini tena? Nimekosa nini alfajiri yote hii?"

"Twiga, hebu vuta pumzi."

"Nisipovuta utaolewa na nani?"

"Sitanii."

Bi Buti alikuwa akiijua sauti ile kwa maneno tu. Kazi yake, ndiyo iliyompa jina, ilikuwa katika ofisi ya safari za mlimani, chumba cha mabuti. Aliwapima wageni miguu, na wakiwa bado wamekaa, akawapa mawaidha. Nendeni taratibu kama mnamsindikiza mgonjwa. Kunyweni maji kabla ya kiu. Mchana pandeni juu, usiku mshuke kidogo mlale. Kichwa kikiuma semeni. Na kifua kikichakacha mtu amekaa tu, hayo ni maji yanaingia mapafuni; ashuke saa hiyohiyo, hata kama ni giza, hata kama kilele anakiona kwa macho. Mkirudi wazima, nendeni mkaone maporomoko na pango la popo. Mlima si kila kitu.

Hata mapenzi yao yalianzia pale, siku ya msongamano, uwanja mzima umejaa mizigo. Twiga alimleta mgeni anayechechemea, akafoka mbele za watu: "Wewe dada, unatoa mabuti ya kuulia watu?" Bi Buti akalivua buti, akaingiza mkono, akatoa donge la karatasi la dukani ambalo mgeni hakulitoa. Wapagazi walicheka mpaka wakakaa chini. Kesho yake Twiga akaja na chungwa, tayari amelimenya. Hakusema samahani. Aliliweka mezani, akaondoka na maganda mfukoni.

"Ni vumbi," Twiga alisema sasa.

"Vumbi halichakachi."

Akamshika mkono. "Kipenzi, Jumamosi nakabidhiwa uongozi mkuu. Baada ya hapo tunaoana. Bosi akisikia kifua, hanipandishi tena maisha. Unajua sheria yake."

"Naijua. Ndiyo maana nakwambia uende hospitali."

"Nikiacha mlima mimi ni nani? Mtu mrefu wa kubadilishia watu balbu."

Bi Buti alicheka bila kutaka. "Nenda ukapimwe. Ukiwa mzima, mimi sina neno."

Siku mbili baadaye alimpigia simu. "Daktari kasema niko mzima kama ng'ombe. Umefurahi, roho yangu?" Alifurahi mpaka akamwamsha mama yake kumwambia.

Jumamosi Twiga alivaa koti jekundu la kiongozi mkuu, limempendeza, kola imesimama. Wageni walikuwa wanafunga kamba za viatu. Babu Mpishi, aliyepika kambini tangu ujana wake na ambaye hakunywa chai kabla wapagazi hawajapata, akamjia Bi Buti pembeni.

"Mwanangu, mfungie mwenzako mto wa ziada. Safari iliyopita alilala ameketi, nikamwegemeza kwenye gunia. Na ile ya kabla yake vilevile. Naona aibu kumwambia."

"Lakini daktari kasema mzima."

"Daktari yupi, mama? Wiki nzima tumeshinda naye hapa tunashona mahema."

Bi Buti alisimama na buti la mtu mkononi. Akamwangalia Twiga akicheka na wageni, meno nje, mzuri kuliko siku zote. Kisha akatembea mpaka kwa bosi, akasema, na kwa kuwa sauti ilimtoka kwa nguvu, uwanja wote ukasikia.

Bosi hakuwa mtu wa maneno mengi. "Twiga. Panda zile ngazi za nje za ghorofa mpaka juu, kisha utuimbie."

Alipanda kwa mbio, kwa hasira. Juu hakuimba. Walimsikia akikohoa, wakamwona ameshika chuma cha ngazi, amejikunja. Aliposhuka, bosi alimvua koti mwenyewe na kumpa msaidizi wa Twiga, mtu mfupi, mikono ya koti ikamfunika vidole. Mpagazi mmoja akapiga kelele: "Mke keshamshusha kabla hajapanda!" Wakacheka wote isipokuwa Babu Mpishi.

Twiga alipita mbele ya Bi Buti kama anapita mbele ya ukuta.

Jioni Bi Buti alipompigia, alipokea simu, lakini si kwa wema.

"Twiga, mpenzi—"

"Mpenzi wako nani? Unaniua mbele za watu, halafu unapiga simu kuuliza kama nimekula?"

"Nilitaka uishi."

"Ishi wewe."

Msimu ule aliwatembeza wageni wa chini, wale wa maporomoko na pango. Siku moja akaingia chumba cha mabuti na dada aliyevaa gauni la manjano, kucha zimepakwa vizuri, uso wa upole.

"Mchumba wangu anataka viatu vya maporomoko. Piga magoti umpime."

"Pole dada, nitajifunga mwenyewe," yule dada alisema.

"Mwache. Ndiyo kazi yake. Ile nyingine ni kusema mambo ya watu."

Bi Buti alipiga magoti. Akapima, akafunga kamba mafundo mawili, akavuta kuhakikisha. "Mawe ya kule yanateleza, mama. Shika kamba ya pembeni, usimtegemee mtu."

Yule dada aliinama akamshika bega, kidogo tu, Twiga asione.

Haukupita muda, ofisi nyingine, ya watu wasiouliza maswali, ikampa Twiga kundi. Mahema yalikuwa matundu, hewa ya mtungi hakuna. Babu Mpishi alikuwa amekwenda nao kama kibarua. Kambi ya juu kifua cha Twiga kikajaa maji. Wenzao wakasema wasubiri kukuche. Babu akawafokea, wakamfunga Twiga kwenye machela, wakashuka naye gizani. Kwa haraka ile hakuna aliyekumbuka miguu. Alishuka na soksi tu.

Mapafu yalipona. Vidole vya mguu wa kushoto vilikuwa vimekufa kwa baridi, vikakatwa vyote.

Bi Buti alikwenda hospitali amevaa nguo za kazi. Wodi ilinuka dawa ya sakafu. Kwenye meza ya Twiga palikuwa na chupa ya maji ya matunda, haijafunguliwa. Dada wa gauni la manjano aliiacha siku ya kwanza, hakurudi.

"Umekuja kucheka?"

"Nimekuja kukuona."

"Basi ona." Akatupa blanketi. "Nipime kiatu, Bi Buti. Huu ni namba ngapi?"

Bi Buti hakugeuza uso. "Huo hauna namba. Utashonewa."

"Ungenyamaza ningepanda na watu wangu, na mtungi wa hewa. Ulinitupa kwa wahuni. Vidole hivi ni vyako."

Neno hilo Bi Buti alikuwa ameshajiambia mwenyewe, tena kwa ukali kuliko Twiga. "Huenda," alisema. Akaokota blanketi, akamfunika mguu, akaliacha limelegea lisimguse kidonda. Akammiminia maji. Twiga akanywa yote kwa kiu ya mtu ambaye hakuna aliyemmiminia tangu asubuhi.

Kengele ya kuwatoa wageni ikalia. Bi Buti akachukua mkoba.

"Sijakusamehe, ujue."

"Najua."

Alikuwa amefika mlangoni Twiga alipokohoa, kisha akasema akiutazama ukuta:

"Wanafungua saa kumi. Kesho uje."