Mkeka Uliouliza Mara Moja

Mkeka ulijikunjua wenyewe sakafuni, ukamwita Bi Salha kwa jina na kumkaribisha alale. Ndani yake kulikuwa na maelfu ya vifuko vya hewa, vidogo kama punje za mchele. Vilipojaa vilimwinua mtu kiuno na kumnyoosha mgongo, kisha vilinywea na kumshusha polepole. Watu wa Mtwara Mpya waliuita mkeka-hisi, na wala hawakuushangaa tena. Mwanakheri bado aliushangaa.

Alikuwa akisomea ualimu wa pilatesi, mazoezi ya kunyoosha na kuimarisha mwili kwa kufuata pumzi, na hii ndiyo kazi aliyoitamani kuliko zote. Leo ulikuwa mtihani wa kwanza, wa mazoezi ya mkekani, na Bi Salha ndiye aliyepangiwa kumwongoza. Mwalimu alitakiwa kuongoza pumzi tu, mengine yote ni ya mashine. Anayeuzima mkeka amefeli. Lakini Mwanakheri alizaliwa na udadisi. Mama yake aliacha kununua saa za ukutani, maana zote zilifunguliwa zionekane zina nini ndani.

"Tufanye zoezi la daraja, mama," alisema. "Kunja magoti, nyayo chini. Vuta pumzi. Ukiitoa, inua kiuno."

Mkeka ukamwinua Bi Salha kabla hajaitoa hiyo pumzi.

"Unajisikiaje?" mkeka uliuliza kwa sauti tamu.

"Salama tu," akajibu Bi Salha.

Taa ya kijani, ishara ya kwamba yote ni sawa, ikawaka ukingoni, na mkeka ukamwinua zaidi. Mwanakheri akaona vidole vya miguu ya yule mama vimejikunja. Kulikoni?

Mashine ilisoma misuli barabara, ila wahandisi walioiunda waliona ni heshima kumwachia mwenye mwili neno la mwisho. Wazo zuri, lakini wahandisi wenyewe hawakuwa watu wa huku. Huku ukiulizwa hali unajibu salama, hata kama una homa ya kulala kitandani. Ukweli unatoka ukiulizwa tena, na mtu aliyekaa kukusikiliza.

Mwanakheri akaketi sakafuni. "Kiuno hakijambo, mama?"

"Hakijambo, mwanangu."

"Hakijambo kweli?"

Machozi yakamlengalenga Bi Salha. "Kinaniua. Mwaka wa pili huu. Lakini taa ni ya kijani, nikajua tatizo ni mimi."

Mwanakheri alipandwa na hasira. Akanyoosha mkono kwenye swichi.

"Ukiuzima umefeli," alionya Mwalimu Kombo, msimamizi wa mtihani, kutoka mezani. "Unajua hilo."

"Najua, mwalimu." Roho ilimuuma, lakini akabonyeza. Mkeka ukanywea.

"Sasa inua mwenyewe, mama. Panapouma, usipite."

Bi Salha akavuta pumzi, akaitoa, akainuka kidogo sana. Kisha akacheka. "Hiki kweli nimekiinua mimi!"

Kombo akaandika kwamba mtahiniwa amefeli. Alipotaka kusimama, ilibidi ashike meza kwa mikono miwili. Kila asubuhi, kwa miaka mingi, alikuwa akifanya mazoezi kwenye mkeka-hisi.

"Na mgongo wako, mwalimu, haujambo?" Mwanakheri aliuliza.

"Haujambo."

Mwanakheri hakuondoka. Alikaa palepale sakafuni. "Haujambo kweli?"

Kombo aliutazama mlango kuona kama umefungwa. Kisha akainama kwa taabu kando ya mkeka uliozimwa, akaanza kufungua kamba za viatu.